Mbegu za maboga zinatoa minyoo kweli? Kwa tegu kuna ukweli, kwa kichocho usijidanganye

Ujumbe wenyewe umeshakufikia, labda zaidi ya mara moja. Saga mbegu za maboga, lamba asubuhi kabla hujala kitu, minyoo yote kwisha. Mwisho kuna kibwagizo cha kukushawishi: ni dawa ya Wachina, imetumika miaka na miaka.

Sehemu ya ujumbe huo ni kweli, na ndiyo maana watu wanauamini na kuutuma mbele. Tatizo liko kwenye neno moja tu: "yote".

Kwa mtu anayeishi Sola wilayani Maswa, au Bariadi, Itilima, Meatu au Busega, neno hilo si dogo. Mkoa wa Simiyu uko kwenye ukanda wa kichocho. Mtoto anayekojoa damu akipewa mbegu za maboga nyumbani badala ya kupelekwa zahanati, minyoo inabaki mwilini ikitaga mayai, na kibofu kinaendelea kuumia mwaka baada ya mwaka.

Tuichambue stori hii taratibu.

Kwa wenye haraka

- Mbegu za maboga zimetumika China kutoa tegu, na zipo tafiti zinazoonyesha kuwa zinasaidia.
- Kichocho ni mnyoo wa aina nyingine kabisa. Haukai tumboni, unakaa ndani ya mishipa ya damu.
- Wachina wenyewe walijaribu mbegu hizi kwa kichocho, kisha wakahamia kwenye vidonge.
- Dawa ya kichocho ni prazikwanteli. Vidonge vya kawaida vya minyoo vya dukani havitibu kichocho.

Boga lilifikaje kwenye duka la dawa la China?

Kwanza, boga ni tunda. Tunalipika kama mboga, lakini kwa mtaalamu wa mimea chochote kinachotokana na ua na kubeba mbegu ndani ni tunda. Kwa hiyo mbegu za maboga ni mbegu za tunda, na kwenye tiba asili ya China zinaitwa nan gua zi.

Pili, boga si la China wala si la Usukumani. Asili yake ni bara la Amerika. Lilisambaa duniani baada ya safari za Columbus, yaani baada ya mwaka 1492. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mbegu hizi ni dawa ya Wachina ya miaka elfu mbili, jua kwamba boga lenyewe lilikuwa halijafika huko.

Lilipofika lilikubalika haraka, kama lilivyokubalika kwetu. Simiyu utalikuta limetambaa katikati ya mahindi. Majani ni mboga, tunda linachemshwa, mbegu zinakaangwa na kutafunwa. Wachina nao wakala vyote, kisha wakagundua kwamba mbegu mbichi zikisagwa na kuliwa kwa wingi, mwenye tegu anaweza kumtoa chooni.

Kwa tegu, inafanyaje kazi?

Tegu ni yule mnyoo bapa, mrefu kama utepe, anayepatikana kwa kula nyama ya ng'ombe au nguruwe ambayo haijaiva vizuri. Anajishikiza kwa kichwa kwenye ukuta wa utumbo na kuachia mwili mrefu wenye pingili nyingi. Anaweza kufika mita kadhaa. Dalili ambayo wengi wanaikumbuka ni kuona vipande vyeupe kwenye choo.

Tegu anakaa ndani ya utumbo, palepale chakula kinapopita. Ukimeza kitu kinachomlegeza, kinamfikia moja kwa moja, hakihitaji kuzunguka kwenye damu kwanza.

Ndani ya mbegu za maboga kuna kemikali inayoitwa kukurbitini. Maelezo ya wataalamu wa China ni kwamba inalegeza zaidi sehemu ya kati na ya nyuma ya tegu. Kichwa kinabaki kimeshika. Ndiyo maana kwenye tiba yao mbegu za maboga mara nyingi haziendi peke yake. Zinafuatiwa na maji yaliyochemshwa popoo, ambayo yanalegeza kichwa na shingo, kisha mgonjwa anapewa dawa ya kuharisha ili mnyoo aliyelegea asukumwe nje.

Si hadithi tu. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwenye jamii za jimbo la Sichuan, kusini magharibi mwa China, ambapo watu waliodhaniwa kuwa na tegu walipewa mchanganyiko huo. Wengi walimtoa. Waliopewa mbegu za maboga peke yake nao baadhi walimtoa, ila kwa kuchelewa zaidi.

Kwa hiyo bibi anayesema mbegu za maboga zinatoa minyoo hasemi uongo. Anasema kuhusu mnyoo mmoja.

Usikimbilie popoo

Kabla hujamtumia ndugu yako wa Zanzibar au Tanga hela akununulie popoo, subiri kidogo.

Popoo ni mbegu ya tunda la mpopoo, ileile inayotafunwa na tambuu huko pwani. Ndani yake kuna arekolini, kemikali inayogusa mishipa ya fahamu. Ukizidisha unatokwa na mate mengi, unatapika, mapigo ya moyo yanavurugika. Na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, limeiweka popoo kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya kinywa kwa watafunaji wa kila siku.

Huko Sichuan dawa ilipimwa na kutolewa chini ya usimamizi wa wahudumu wa afya. Jikoni kwako hakuna mtu wa kukupimia.

Kuna jambo jingine. Ikiwa tegu ni wa nguruwe, mayai yake yakiingia mwilini kwa njia ya mdomo yanaweza kwenda hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa. Mwenye tegu anahitaji kutibiwa hadi amalizike kabisa, na ahakikishwe hivyo kwa kipimo cha choo. Kuona vipande vimetoka hakutoshi.

Sasa kichocho kinakaa wapi?

Hapa ndipo ujumbe wa WhatsApp unapokwama.

Mnyoo wa kichocho haliwi. Unapatikana kwa kugusa maji. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai yanatoka na mkojo, yanaanguliwa, na vijidudu vinatafuta konokono wa majini. Ndani ya konokono vinazaliana kwa wingi. Baada ya wiki kadhaa vinatoka tena majini vikiwa vya aina nyingine, vyenye uwezo wa kutoboa ngozi ya binadamu. Mtoto anayeogelea, mama anayefua, mkulima aliyesimama kwenye jaruba: dakika chache tu zinatosha.

Vikishaingia, vinasafiri na damu hadi kwenye ini, vinakomaa, kisha dume na jike wanahamia pamoja kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu cha mkojo. Hapo wanaishi kwa miaka, wastani kati ya mitatu na kumi.

Jike anataga mayai kila siku. Mengine yanatoboa kibofu na kutoka na mkojo, ndiyo hiyo damu unayoiona. Mengine yanakwama kwenye nyama ya kibofu. Mwili unayazungushia uvimbe na makovu, na madhara makubwa ya kichocho yanatokana hasa na mayai haya yaliyonasa.

Umeona tofauti? Tegu yuko kwenye utumbo, unga wa mbegu unamkuta hapohapo. Mnyoo wa kichocho yuko ndani ya mshipa wa damu. Ili dawa imfikie lazima imeng'enywe, iingie kwenye damu, na ibaki na nguvu ya kutosha kumuua. Kiganja cha mbegu za maboga hakifiki huko kwa kiwango hicho.

Wachina walijaribu, wakaona

Usidhani haya ni maneno ya watu wasiopenda dawa za asili. Wachina wenyewe walilifanyia kazi swali hili.

Miaka ya 1950 China ilikuwa na janga la kichocho. Waliougua walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 10, wengi wakiwa wakulima wa mpunga. Kichocho chao ni cha aina tofauti na chetu, kinashambulia utumbo na ini, lakini minyoo yake nayo inakaa kwenye mishipa ya damu. Mwaka 1955 serikali ilianzisha kampeni ya kitaifa ya kuutokomeza ugonjwa huo.

Dawa za kisasa za wakati ule zilikuwa kali na zenye madhara makubwa. Kwa hiyo madaktari waligeukia kabati la tiba asili na kujaribu mimea mingi, mbegu za maboga zikiwemo. Wagonjwa walipewa unga wake kwa dozi kubwa, siku nyingi mfululizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanasayansi wa huko wakafanikiwa kuitenga kukurbitini yenyewe.

Majibu yalikuwaje? Kwa wanyama wa maabara, kukurbitini iliweza kudumaza minyoo michanga. Minyoo iliyokomaa, ile inayotaga mayai, iliendelea na maisha yake. Kwa mgonjwa ambaye tayari anakojoa damu, minyoo iliyokomaa ndiyo shida yenyewe.

Prazikwanteli ilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1970, mjadala ukaisha. China ikaichukua.

Na kama bado una shaka, angalia Pemba. Mwaka 2017 wataalamu wa China walianza mradi wa kupambana na kichocho kisiwani humo kwa kushirikiana na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na WHO. Silaha walizotumia ni kupima mikojo, kugawa prazikwanteli, kuua konokono kwa dawa na kutoa elimu. Mbegu za maboga hazikuwa kwenye orodha.

Kwani dawa za asili za China hazifanyi kazi?

Zipo zinazofanya, na wewe umeshameza moja.

Ile mseto unayopewa zahanati ukikutwa na malaria ina kiambato kilichotokana na mmea wa Kichina. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Tu Youyou na wenzake walipekua vitabu vya kale vya tiba, wakapata dokezo kuhusu mmea unaotibu homa, wakatenga artemisinini. Mwaka 2015 akapata Tuzo ya Nobel. Tanzania ilianza kutumia mseto kama dawa ya kwanza ya malaria mwishoni mwa 2006.

Ila angalia njia iliyopitiwa. Mmea ulitengwa kiambato chake, ukapimwa kwa wanyama, kisha kwa watu, dozi ikajulikana, ikaunganishwa na dawa nyingine. Hadi leo WHO haishauri mtu mwenye malaria kunywa chai ya majani ya mmea huo, kwa sababu kiwango cha dawa ndani ya kikombe hakitabiriki.

Mbegu za maboga nazo ziliingia kwenye mtihani huohuo. Kwa tegu zilipata alama nzuri. Kwa kichocho hazikufaulu. Kuheshimu tiba asili ni kukubali majibu yote mawili.

Kwa nini Simiyu ijali zaidi

Tanzania inatajwa kuwa nchi ya pili Afrika kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho, baada ya Nigeria. Kanda ya Ziwa ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Karibu na ziwa lenyewe kuna zaidi kichocho cha tumbo. Ukitoka ziwani kuelekea bara, kwenye maeneo kama Maswa na Shinyanga, kinachotawala ni kichocho cha mkojo.

Sababu ni maji, na aina ya maji. Simiyu mvua zikinyesha, malambo yanajaa, mito inatiririka, majaruba ya mpunga yanatuamisha maji kwa miezi. Ng'ombe wanakunywa humo, watoto wanaogelea humo, nguo zinafuliwa humo. Kiangazi kikija lambo linakauka mpaka udongo unapasuka, na unaweza kudhani konokono wamekufa wote.

Hawajafa. Wale wa jamii inayobeba kichocho cha mkojo wana uwezo wa kujifukia kwenye tope na kulala miezi mingi bila maji. Mvua ya kwanza ikinyesha wanaamka. Kwa hiyo lambo ambalo lilikuwa kavu Septemba linaweza kuwa na kichocho miezi michache tu baadaye.

Jina la Sola wengi Maswa wanalijua kwa sababu ya Bwawa la New Sola, chanzo cha maji ya mji wa Maswa. Maji yaliyosafishwa na kufika bombani hayakupi kichocho. Kinachokupa ni kuingiza mwili kwenye maji ambayo hayajasafishwa na yana konokono wenye maambukizi: lambo, dimbwi, jaruba, au kijito kilichotulia.

Mkojo wa damu si kubalehe

Kwenye baadhi ya jamii zenye kichocho, mvulana akikojoa damu watu wanachukulia kawaida, eti anakuwa mwanaume. Si kweli. Hakuna umri ambao mkojo wa damu ni wa kawaida.

Mtoto mwenye kichocho anaweza kupungukiwa damu, kudumaa na kushindwa kuelewa darasani. Kikiachwa miaka mingi, kibofu kinakuwa kigumu, mirija ya mkojo inaziba, figo zinaharibika. Minyoo hii imewekwa kwenye kundi lilelile la kwanza la visababishi vya saratani ambalo popoo imo, safari hii ikiwa ni saratani ya kibofu.

Kwa wanawake kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mayai yanaweza kunasa kwenye shingo ya kizazi na ukeni. Dalili zake ni maumivu, kutokwa uchafu, kutokwa damu baada ya tendo la ndoa. Inakadiriwa wanawake na wasichana milioni 56 Afrika wana hali hii. Wengi wanatibiwa kama wana ugonjwa wa zinaa, wanatuhumiwa nyumbani, na hawaponi kwa sababu dawa si yake. Vidonda hivyo pia vinahusishwa na kuongezeka kwa hatari ya kupata VVU.

Dada, kama umekulia kwenye maji ya lambo na una dalili hizo, mwambie mhudumu waziwazi kwamba uliwahi kuogelea au kufua humo. Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha vipimo anavyokuandikia.

Dawa yenyewe, na maswali ya mtaani

Prazikwanteli inatolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, mara nyingi kwa siku moja tu. Mtu wa kilo 60 anaishia na vidonge vinne vya miligramu 600. Shuleni hutumia kijiti cha kupimia urefu ili kukadiria idadi ya vidonge, na dawa hugawiwa bure kwenye kampeni za kinga tiba.

"Mwanangu alishakunywa dawa ya minyoo." Dawa ipi? Albendazoli, ile inayouzwa kila duka la dawa, inatibu minyoo ya tumbo kama safura na minyoo mviringo. Kichocho haikigusi. Ni dawa mbili tofauti, hata kama wakati mwingine shule inazitoa siku moja.

"Inawaangusha watoto." Kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo vinaweza kutokea, hasa kwa mwenye minyoo mingi au asiyekula. Ndiyo maana mtoto anatakiwa ale kwanza. Mwaka 2008 huko Morogoro uvumi kuhusu dawa hizi ulizua taharuki na vurugu mashuleni, wazazi wakiamini watoto wao wanauawa. Wasiwasi ule ulikua kwa sababu wazazi hawakuwa wameelezwa vya kutosha mapema. Mzazi ana haki ya kuuliza dawa ni ipi, inafanya nini na madhara yake ni yapi, tena aulize kabla ya siku yenyewe.

"Tulimeza mwaka jana, mbona kimerudi?" Hapa lazima tuseme ukweli. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaweza kupona. Pia haikukingi. Ukirudi kwenye maji yaleyale, unaambukizwa upya. Dawa bila choo na bila maji salama ni kazi ya kurudiarudia.

"Na wadogo wa chini ya miaka mitano?" Kwa muda mrefu walisahaulika, maana kidonge ni kikubwa na kichungu na kampeni ni za shule. Mwaka 2022 WHO ilibadilisha mwongozo na kushauri kwamba kwenye maeneo yenye maambukizi ya asilimia 10 na kuendelea, dawa iwafikie wote kuanzia miaka miwili, watu wazima wakiwemo. Mwaka 2024 ikaidhinisha aina mpya ya dawa hiyo kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita. Ukienda kliniki na mtoto, uliza kama imeshafika kwenu.

Vipi kuhusu tezi dume na nguvu za kiume?

Tunajua kuna waliofungua habari hii kwa ajili ya swali hili tu.

Kwa tezi dume, Ujerumani ulifanyika utafiti wa mwaka mzima kwa wanaume zaidi ya 1,400, ukachapishwa 2015. Waliokula mbegu za maboga kila siku walipata nafuu ya dalili za kukojoakojoa zaidi kidogo kuliko waliopewa dawa bandia. Waliopewa vidonge vya dondoo ya mbegu hizo hawakuonyesha tofauti ya maana. Ni nafuu ya dalili tu, usiiite tiba ya saratani. Mzee anayekojoa damu anahitaji kipimo, si mbegu.

Kwa nguvu za kiume, sifa zinatokana na madini ya zinki yaliyomo, kama miligramu 7 hivi kwa kila gramu 100. Zinki ni muhimu kwa mwili, lakini kama hukuwa na upungufu, kuongeza hakukubadilishi kuwa simba.

Basi tuzitupe?

Hapana. Zile. Gramu 100 za mbegu zilizomenywa zina takriban gramu 30 za protini, mafuta mazuri, madini ya chuma na magnesi. Kwa nyumba ambayo nyama ni ya mnadani tu, hiki ni chakula cha maana kinachotupwa jalalani na maganda.

Zioshe, zianike juani kwenye mkeka hadi zikauke kabisa, zihifadhi mahali pasipo na unyevu ili zisiote ukungu. Kaanga bila chumvi nyingi, changanya kwenye uji wa mtoto baada ya kusaga. Mtoto mdogo usimpe nzima, zinaweza kumpalia.

Mtu akikuuzia unga wake kwenye kopo kwa bei ya kukutisha na kukuahidi kutibu kichocho, muulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Usajili wenyewe hauthibitishi kwamba kopo linatibu, lakini asiye nao ameshakupa jibu.

Ukiona damu kwenye mkojo, fanya hivi

1. Nenda zahanati au kituo cha afya kupima mkojo. Wakati mzuri wa kutoa sampuli ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai yanapotoka kwa wingi.

2. Sema kama unaingia kwenye maji ya lambo, mto au jaruba.

3. Ukipewa prazikwanteli, kula kwanza, meza vidonge vyote kama ulivyoelekezwa.

4. Wapimwe na wengine nyumbani. Watoto wanaoogelea pamoja wanaambukizwa pamoja.

5. Usikojoe wala kujisaidia majini au kando ya maji. Mzunguko wa kichocho unaanzia hapo.

6. Maji ya lambo ya kuogea au kufulia yakichotwa na kukaa kwenye chombo kisafi siku moja, bora mbili, bila konokono ndani, vijidudu vya kichocho vinakufa. Ya kunywa yachemshwe.

Na ule ujumbe ukija tena kwenye grupu la familia, usiufute kimya kimya. Wajibu tu kwamba mbegu za maboga ni chakula kizuri na tegu zinamuweza, ila mtoto anayekojoa damu aende akapimwe leo.